Pikipiki mpya, gia ngeni: namna ya kuufundisha upya mguu wa kushoto

Siku ya pili na pikipiki mpya nilikuwa gia ya tatu, mwendo kama kilomita 50 kwa saa, nikataka kuingia ya nne. Mguu wa kushoto ukafanya kile ulichozoea kwa miaka sita juu ya pikipiki ya zamani: ukakanyaga. Kwenye ile ya zamani kukanyaga ni kupandisha. Kwenye hii ni kushusha. Injini ikapiga ukelele, tairi la nyuma likaanza kurukaruka, nami nikabaki nimeung'ang'ania usukani nisijue nani amefunga breki. Sikuanguka. Niliegesha pembeni, nikavua helmeti, nikakaa chini kidogo.

Kinachoudhi ni kwamba mpangilio wa gia nilikuwa naujua. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeusoma kwenye kitabu cha pikipiki, na ungeniuliza ningekutajia bila kusita. Kichwa kilisoma, mguu haukusoma. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mguu, pamoja na vidole vinne vya mkono wa kushoto. Unamfaa zaidi anayetoka kwenye pikipiki ndogo ya cc 100 hadi 150 akapanda kubwa zaidi, na usemi wangu ni mmoja tangu mwanzo: usilaumu giaboksi mpaka uwe umeyapitia haya.

Kwanza, linganisha mipangilio miwili

Pikipiki nyingi ndogo za kazi zina gia nne zilizojipanga upande mmoja. Nyutro iko mwanzoni, au fri kama wengi tunavyosema, na kila ukisukuma pedali upande uleule unapanda: moja, mbili, tatu, nne. Nyingi zina pedali yenye ncha mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino, kwa hiyo mguu haujui kuinua kitu. Unajua kukanyaga tu. Ndugu zao wasio na leva ya klachi, ukoo wa Honda Super Cub ya mwaka 1958, wamekwenda mbali zaidi: klachi hujiachia yenyewe ukiikanyaga pedali, na mkono wa kushoto unabaki likizo.

Pikipiki kubwa karibu zote hufuata mpangilio mwingine. Gia ya kwanza iko chini kabisa, nyutro iko nusu hatua juu yake, kisha mbili, tatu, nne, tano na mara nyingi sita, zote kwa kuinua pedali kwa mgongo wa vidole vya mguu. Kukanyaga ni kushusha, basi. (Ukiangukia pikipiki kongwe ya Uingereza unaweza kuikuta pedali ya gia iko kulia. Marekani ilipolazimisha ikae kushoto, kuanzia 1974, watengenezaji waliotaka soko lile hawakuwa na hiari.)

Chukua karatasi uandike mambo matatu kwa kila pikipiki: kukanyaga kunakupeleka wapi, nyutro iko kati ya gia gani na gani, na gia ni ngapi. Pale majibu yanapopingana ndipo utakapokosea. Kama yote yanalingana una bahati, ruka hadi kwenye klachi.

Pili, irekebishe ikufae

Pikipiki hutoka dukani imepimiwa mtu wa wastani, na mtu huyo si wewe.

Anza na urefu wa pedali. Kaa juu ya pikipiki ikiwa wima, umevaa viatu utakavyoendeshea, mguu ukiwa kwenye kikanyagio. Vidole vipite chini ya pedali bila kukilazimisha kifundo cha mguu kujikunja, na viweze kuikanyaga bila unyayo wote kunyanyuka. Ikiwa unajitahidi kwa lolote kati ya hayo mawili, pedali iko juu mno au chini mno. Viatu vizito vinaitaka ipande kidogo. Ndala haziitaki hata kidogo, kwa sababu sasa utakuwa unainua chuma kwa mgongo wa vidole mara mamia kwa siku. Ngozi itakuambia mapema.

Kwenye pikipiki nyingi pedali imeungwa na giaboksi kwa fimbo nyembamba yenye nati mbili za kufungia. Legeza zote mbili, zungusha fimbo nusu mzunguko, kaza, jaribu. Angalia: nati moja mara nyingi ina uzi wa kinyume, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe, ijaribu upande wa pili kwanza. Milimita tano tu zinabadili mambo mengi. Yangu niliishusha kiasi hicho, na nusu ya "ugumu wa gia" niliokuwa naulalamikia ukaisha siku hiyohiyo.

Kisha leva ya klachi. Kama ni ya waya, ncha yake inatakiwa iwe na mchezo mdogo kabla waya haujaanza kuvutwa. Vitabu vingi hutaka milimita 10 hadi 20. Mchezo ukikosekana, klachi haitafunga sawasawa na itateleza. Ukizidi, haitaachia kabisa hata ukiivuta hadi mwisho: gia zitakuwa ngumu, nyutro itakataa, na pikipiki itajisogeza mbele ukiwa umesimama. Klachi ya haidroliki hujirekebisha yenyewe. Leva igeuze ili kiganja na mkono viwe mstari mmoja ukiwa umekaa kawaida.

Neno moja juu ya oili, hasa kama umeinunua pikipiki kwa mtu. Kwenye pikipiki nyingi oili ileile hulainisha injini, giaboksi na pleti za klachi. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za kipimo cha Japani kilichowekwa kwanza mwaka 1998 kwa ajili ya jambo hilihili.

Tatu, mazoezi injini ikiwa imezimwa

Hili ndilo watu wanaloliruka, na ndilo lingeniokoa mimi.

Iweke pikipiki kwenye stendi ya kati au stendi ya fundi, tairi la nyuma liwe hewani, ufunguo utoe. Mtu mmoja azungushe tairi kwa mkono polepole, akilishika tairi lenyewe na si cheni. Kuzungusha huko si mapambo. Ndani ya giaboksi gia zote zimeshikana muda wote. Kinachobadilika ni meno ya pembeni yanayoifunga gia moja na mhimili wake. Meno hayo yakikutana uso kwa uso hayaingii mpaka kitu kizunguke kidogo. Ndiyo maana pikipiki iliyosimama tuli hukataa gia, na ndiyo maana ukiisukuma mbele na nyuma kidogo inakubali.

Sasa panda juu, shika usukani, tazama mbele, usitazame mguu. Vuta klachi, inua pedali, iachie irudi yenyewe, achia klachi, na utaje gia kwa sauti: "mbili." Rudia hadi ya mwisho, kisha shuka moja moja. Hapo katikati pana kosa kubwa la wanaoanza: kuishikilia pedali juu au chini baada ya gia kuingia. Utaratibu wa ndani unavuta hatua moja kwa kila safari ya pedali, na pedali isiporudi katikati hatua inayofuata haipatikani. Inua, achia.

Utaonekana kama umechanganyikiwa, umekaa juu ya pikipiki iliyozimwa unahesabu gia peke yako. Vumilia. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni kwa siku tatu, mpaka mtu akikuambia "pandisha" mguu uinuke kabla hujafikiri.

Kama ulizoea pedali ya kisigino, utagundua kitu cha kuchekesha: kisigino kitakuwa kinatafuta pedali ambayo haipo, kinakanyaga hewa. Kinaacha baada ya muda.

Nne, tafuta pale klachi inaposhika

Nenda mahali pa wazi, tambarare, pasipo watu. Kabla hujaondoka, jua kwamba pikipiki nyingi za sasa huzima injini ukiweka gia huku stendi ya pembeni bado imeshuka. Watoka pikipiki ndogo wengi huigeukia betri, mara plagi, mara tanki, kumbe ni stendi.

Klachi ya pikipiki yako ya zamani pengine ilikuwa nzito na ilishika karibu na mwisho wa leva. Hii mpya, ikiwa na klachi ya kisasa inayojisaidia kubana pleti, inaweza kuwa laini kama ya kuchezea na ikashika kwa ghafla ndani ya eneo dogo. Mkono ukiiachia kwa kipimo cha zamani, ama itazima ama itaruka.

Zoezi lake halina mafuta kabisa. Weka gia ya kwanza, miguu yote miwili chini, usiguse mafuta. Achia leva kidogo kidogo mpaka pikipiki ianze kutaka kwenda, kisha vuta tena. Inakwenda, inasimama. Mara ishirini, halafu pumzika, halafu ishirini nyingine. Baada ya hapo acha itembee yenyewe kwa mwendo wa mtu, klachi ikiwa nusu, breki ya nyuma ikiishika kidogo. Hiyo ndiyo silaha yako ya foleni, na mguu wa kulia nao unapata kazi.

Asubuhi injini ikiwa baridi utasikia "kla!" unapoingiza ya kwanza na pikipiki itashtuka. Pleti zimegandana kidogo kwa oili baridi. Vuta klachi, subiri sekunde mbili tatu, ndipo uweke gia, na breki uwe umeishika.

Tano, kupanda

Mwendo mzima ni huu: vidole vya mguu vinagusa pedali kutoka chini na kuibana kidogo kabla ya lolote, mkono wa kulia unapunguza mafuta, mkono wa kushoto unavuta klachi, mguu unainua kwa uhakika, klachi inaachiwa, mafuta yanarudi. Ukiuzoea hauzidi nusu sekunde. Leva haina haja ya kugusa usukani ukiwa kwenye mwendo, kuivuta kiasi cha kuachia pleti kunatosha. Kule kubana mapema ndiko kunakofanya gia iingie laini; mguu unaokuja kwa teke huleta kelele.

Mguu unaoinua kwa woga nao una adhabu yake, nyutro ya uongo: unakuta injini inalia bure kati ya gia mbili, pikipiki haivutwi. Likikutokea usishtuke. Funga mafuta, vuta klachi, inua tena kwa nguvu uingie gia ya juu. Usikanyage, maana hujui utaangukia wapi.

Swali gumu ni lini. Hapa ukubwa wa injini utakudanganya. Royal Enfield Classic 350 hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, nyutoni-mita 27, kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Kawasaki Ninja 400 hutoa yake, nyutoni-mita 38, kwenye 8,000. Kwenye karatasi ya ununuzi ni kama majirani, lakini mguu unaopandisha gia kwa wakati mmoja juu ya zote mbili utaikosea moja. Ya kwanza inataka upandishe mapema na uiache ivute. Ya pili, ukipandisha mapema hivyo, itaonekana mvivu, na mwenyewe ataanza kusema amenunua pikipiki isiyo na nguvu.

Sikio lako nalo limefunzwa na pikipiki ya zamani. Sauti uliyozoea kuisikia kama "inatosha sasa" huenda kwenye injini mpya ni mwanzo tu wa mazungumzo. Kwa wiki ya kwanza amini mshale wa mizunguko kuliko sikio. Dalili ya gia kubwa mno kwa mwendo mdogo ni injini kutetema, cheni kupigapiga, na pikipiki kusitasita unapofungua mafuta, shusha moja. Ikiwa injini ni mpya kabisa, kitabu kitakuwekea mipaka ya mizunguko kwa kilomita za mwanzo, na mara nyingi sevisi ya kwanza huja ndani ya kilomita 1,000. Giaboksi nayo hulainika katika kipindi hicho, meno yakijisugua na kuelewana.

Utasahau gia ya sita. Halafu ukiikumbuka utaanza kutafuta ya saba. Kama dashibodi inaonyesha namba ya gia, itumie.

Sita, kushuka, ambako hatari iko

Kupandisha vibaya kunaleta aibu. Kushusha vibaya kunaangusha.

Gia ya chini inaitaka injini izunguke haraka zaidi kwa mwendo uleule. Ukikanyaga na kuachia klachi kwa ghafla, injini iliyolala inazungushwa kwa nguvu na tairi la nyuma, na tairi ndilo linalolipa: linateleza au linarukaruka. Pikipiki ndogo ilikusamehe kwa sababu injini yake ni nyepesi. Injini kubwa yenye silinda moja haisamehi hivyo. Dawa ni kupiga resi ndogo wakati klachi imevutwa: vuta, kanyaga, chokoza mafuta kidogo, achia. Resi ikiwa sawa hutasikia mshtuko wowote. Kwa wiki mbili za mwanzo zangu zilikuwa ama nyingi ama chache, na pikipiki ilikuwa inainamisha kichwa kama punda anayekataa.

Klachi yenye kuteleza kwa makusudi, inayolegeza pleti tairi linapoisukuma injini, imewekwa kwenye pikipiki nyingi za kisasa kupunguza mshtuko huo. Inasaidia. Haikuruhusu kuingia gia ya kwanza ukiwa kilomita 60 kwa saa.

Shusha moja moja, ukiachia klachi kila gia, huku breki zikifanya kazi ya kupunguza mwendo. Gia ya kwanza iache mpaka uwe umekaribia kusimama. Na ushushe ukiwa bado unatembea: ukisimama ukiwa kwenye ya tano, meno yatagoma kama tulivyoona, na taa itakuwa kijani huku wewe unapigana na pedali. Ikitokea, achia klachi nusu kwa kufumba na kufumbua, vuta tena, kanyaga. Au isogeze pikipiki mbele na nyuma.

Nyutro itafute kabla hujasimama kabisa, kutoka gia ya pili, kwa mguso mwepesi wa kushuka. Ukiwa umeshasimama kwenye ya kwanza, inua kwa ncha ya kidole tu, si kwa mguu mzima. Kawasaki nyingi zina kifaa kinachokataa kwenda ya pili pikipiki ikiwa imesimama, hivyo ukiinua kutoka ya kwanza unaangukia nyutro tu. Wengine tunaendelea kuwinda.

Saba, barabarani

Safari za mwanzo zifanye fupi, kwenye njia unayoijua, saa ambazo magari ni machache. Mlimani anza ukiishikilia kwa breki ya nyuma, subiri klachi ishike, ndipo uachie breki na kuongeza mafuta. Abiria asubiri mpaka utakapoweza kubadili gia kumi mfululizo bila kichwa chako kutikisika. Helmeti yake ikigonga yako ndiyo ripoti ya mtihani, na huja kila gia.

Kama pikipiki ina kifaa cha kubadili gia bila klachi, kiache kwanza. Kadhalika mifumo kama E-Clutch ya Honda, iliyoingia kwenye CB650R ya 2024 na kuurudisha mkono wa kushoto likizo. Ni mizuri, ila jifunze bila hiyo.

Kuna mambo ambayo si wewe. Gia inayoruka yenyewe ikiwa imeshaingia na umefungua mafuta, hasa ya pili, ni ya fundi. Mizunguko inayopanda bila mwendo kuongezeka ni klachi inayoteleza. Kishindo kila unapofunga na kufungua mafuta mara nyingi si giaboksi bali cheni iliyolegea. Pima ulegevu wake kwa kipimo kilicho kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na tairi la nyuma, kabla hujamlipa mtu kufungua injini.

Mwisho, kama pikipiki ya zamani bado unayo. Mimi niliipanda tena baada ya wiki tatu, nimekwenda dukani tu, najiona nimehitimu. Gia ya tatu, nikataka ya nne, mguu ukainuka vizuri kabisa, kama nilivyoufundisha, ukaniingiza ya pili. Siku hizi juu ya tanki la ile ya zamani pana karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa kalamu nene: CHINI NI KUPANDA.